Kujenga modeli ya nani ananunua soko gani: mwongozo kwa anayeanza

Kila msimu wa tafiti za mwisho vyuoni maswali yanayonifikia ni yale yale manne. Nianzie wapi? Beta naitoa wapi? Mbona jumla zangu hazilingani? Na la nne, ambalo wengi huliuliza kwa sauti ya chini: ni kweli hesabu hii ya masoko imetoka kwenye fizikia? Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja. Ukikaa na mwongozo huu mchana mmoja, jioni utakuwa na modeli inayofanya kazi kwenye kompyuta yako.

Modeli inajibu swali hili: watu wa mtaa fulani, wakiwa na masoko kadhaa ya kuchagua, watagawanyikaje?

Nadharia kidogo, basi

Mnunuzi hupima mambo mawili, ukubwa wa soko na ugumu wa kulifikia. Mwaka 1931 Mmarekani William Reilly alilinganisha jambo hili na mvutano wa sayari. Miaka ya 1960 mwenzake David Huff akaliweka katika lugha ya uwezekano: badala ya kusema mtaa huu ni wa soko hili, sema mtaa huu una asilimia kadhaa huku na asilimia kadhaa kule. Kisha mwaka 1967 Alan Wilson, Mwingereza aliyekuwa ameanzia kwenye fizikia, akaonyesha kwamba ukihesabu njia zote ambazo watu wanaweza kugawanyika masokoni huku jumla ya gharama za safari ikibaki ile ile, kuna mgawanyo mmoja unaoweza kutokea kwa njia nyingi kuliko mingine yote. Mwanafizikia wa Austria Ludwig Boltzmann alikuwa amefanya hesabu ya namna hiyo kwa molekuli za gesi mwaka 1877. Kwa hiyo jibu la swali la nne ni ndiyo, na katika hatua ya 9 utaliona kwa macho yako.

Fomula yenyewe ni mistari miwili:

Mvuto = ukubwa wa soko × EXP(−beta × muda wa safari)

Fungu la soko = mvuto wa soko hilo ÷ jumla ya mivuto ya masoko yote, kwa mtaa huo huo

EXP ni amri ya Excel na Calc inayopandisha namba 2.718 kwa kipeo kilicho ndani ya mabano. Beta ni namba inayosema watu wanachukia safari kiasi gani. Ikiwa ndogo, watu hawajali umbali. Ikiwa kubwa, kila mtu anakwenda pa jirani.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye Excel au LibreOffice Calc. Calc ni ya bure na inatosha kabisa.
- Orodha ya mitaa na idadi ya wanunuzi wa kila mtaa.
- Orodha ya masoko na kipimo kimoja cha ukubwa, mfano idadi ya vizimba na meza.
- Muda wa safari kutoka kila mtaa hadi kila soko.
- Wastani wa muda ambao wanunuzi wenyewe wanasema wametumia kufika sokoni. Wengi huusahau, halafu wanakwama katikati.
- Kama utahoji watu: barua ya utambulisho kutoka chuoni, na uonane na mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla hujagonga mlango wa mtu.

Majina ya mahali nitakayotumia ni ya Dar es Salaam, lakini namba ni za mazoezi. Nimezibuni ili uweze kuhakiki jedwali lako dhidi ya langu. Usizinukuu kwenye utafiti.

Hatua ya 1: Panga jedwali la muda

Mstari wa 1 andika majina ya masoko: Kariakoo kwenye seli B1, Tandika C1, Mwenge D1. Mstari wa 2 ni ukubwa wa masoko: 100, 40, 30. Kuanzia mstari wa 3, andika mitaa na dakika za safari:

- Mbagala (mstari wa 3): 45, 25, 75
- Kimara (mstari wa 4): 40, 60, 35
- Tegeta (mstari wa 5): 70, 85, 30

Kwenye safu ya E, mbele ya kila mtaa, weka wanunuzi: 1000, 600, 400. Beta iweke peke yake kwenye seli G1. Anza na 0.05.

Tahadhari mbili. Ya kwanza, ukubwa wa soko usiupime kwa idadi ya wanunuzi wanaokwenda huko. Hicho ndicho unachotafuta; ukikiingiza mwanzoni, modeli itakurudishia ulichoipa nawe utadhani umegundua jambo. Ya pili, muda uwe ule anaoutumia mtu kweli, kwa saa anayosafiri kweli. Dakika za saa nane mchana si za saa moja asubuhi kwenye foleni. Anayetoka Kimara kwa mwendokasi naye hana muda sawa na wa anayetoka hapo hapo kwa daladala, hivyo amua unapima safari gani na uandike uamuzi huo kwenye ripoti.

Hatua ya 2: Hesabu mvuto

Kwenye B8 andika:

=B$2*EXP(-$G$1*B3)

Buruta fomula hadi D10. Alama za dola ndizo zinazoshikilia mstari wa 2 na seli ya beta zisisogee unapoburuta. Nimefungua majedwali mengi yaliyoharibika, na mara nyingi tatizo lilikuwa dola moja iliyokosekana kwenye G1: mtaa wa kwanza uko sawa, mitaa mingine inasoma seli tupu kana kwamba beta ni sifuri.

Mbagala utapata 10.54 kwa Kariakoo, 11.46 kwa Tandika na 0.71 kwa Mwenge. Kama hupati hizi, simama hapa urekebishe.

Hatua ya 3: Geuza mvuto kuwa mafungu

Kwenye E8 weka =SUM(B8:D8) na uburute hadi E10. Kisha kwenye B13 andika =B8/$E8 na uburute hadi D15. Matokeo, kwa asilimia:

- Mbagala: Kariakoo 46.4, Tandika 50.5, Mwenge 3.1
- Kimara: 65.3, 9.6, 25.1
- Tegeta: 29.4, 5.5, 65.1

Itazame Kimara. Soko lililo karibu zaidi ni Mwenge, dakika 35, lakini watu wengi wanakwenda Kariakoo yenye dakika 40. Dakika tano za ziada hazitoshi kushinda soko lenye ukubwa zaidi ya mara tatu. Nami binafsi ndiyo sababu naipenda modeli hii kuliko ile ya kuchora mstari kwenye ramani na kusema upande huu ni wa soko hili.

Hatua ya 4: Pata idadi ya watu

Kwenye B18 andika =B13*$E3, buruta hadi D20. Chini yake, mstari wa 21, jumlisha kila safu. Kariakoo itapata watu 973.2, Tandika 584.5, Mwenge 442.3. Jumla ni 2000, sawa na wanunuzi ulioanza nao.

Usikadirishe namba katikati ya kazi. Kimara, ukizikadirisha mapema, unapata 392, 58 na 151, jumla 601, wakati watu ni 600. Hilo ndilo jibu la wengi wanaouliza kwa nini jumla hazilingani. Acha desimali zote ndani ya jedwali, ukadirishe siku ya kuandika ripoti tu.

Hatua ya 5: Ijaribu modeli kabla ya kuiamini

Majaribio haya manne ni ya dakika tano, na usiyaruke.

Weka beta 0. Mitaa yote mitatu iwe na mgawanyo mmoja: 58.8, 23.5 na 17.6, yaani ukubwa wa soko ukigawanywa kwa 170. Weka beta 1. Karibu watu wote waende soko lililo karibu zaidi. Kimara sasa karibu asilimia 98 wanakwenda Mwenge. Zidisha ukubwa wa masoko yote kwa 10: mafungu yasibadilike hata kidogo. Ongeza dakika 10 kwenye safari zote za Mbagala: mafungu ya Mbagala yabaki vile vile.

Jaribio la nne huwashangaza wengi. Kama abiria wa Mbagala anasubiri gari dakika 10 aende soko lolote, kusubiri huko hakumbadilishii uchaguzi, kwa sababu dakika hizo anazitumia kokote aendako. Kinachoamua ni tofauti kati ya safari na safari.

Hatua ya 6: Kusanya data ya kukadiria beta

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa nitakaa zaidi.

Ile 0.05 niliibuni. Beta halali inatoka kwa watu unaowachunguza, kwa sehemu hiyo na bidhaa hiyo. Beta ya mtu anayenunua nyanya si ya mtu anayenunua jokofu. Kwa jokofu mtu huvuka mji. Usichukue beta ya utafiti wa nchi nyingine ukaibandika kwenye mitaa yako.

Unahitaji maswali matatu: mara ya mwisho ulinunua soko gani, ulisafiri kwa nini, na ulitumia dakika ngapi tangu kutoka mlangoni. Wahoji watu nyumbani kwao, ukichukua wengi mtaa wenye wanunuzi wengi na wachache mtaa wenye wachache. Ukiwahoji sokoni, idadi unayohoji katika kila soko umeipanga wewe, si wanunuzi.

Hili nilijifunza kwa kosa langu mwenyewe. Jumamosi moja nilisimama kwenye lango la soko linalotazamana na kituo cha daladala, nikahoji watu sitini hadi saa sita. Nilipomaliza nilizunguka nyuma kutafuta maji ya kunywa. Kumbe kuna lango la pili, dogo, na watu wanaingia mfululizo kwa miguu. Nikamsalimia mama mmoja aliyebeba ndoo ya dagaa, "Shikamoo mama, umetokea wapi?" Akaitikia, "Marahaba mwanangu, mimi natoka hapo nyuma tu, dakika tano." Katika watu wangu sitini hapakuwa na hata mmoja wa dakika tano. Wastani wangu ulikuwa mkubwa kupita kiasi, na beta iliyotoka ilikuwa ndogo mno, kana kwamba watu wa eneo lile wanapenda kusafiri. Nilirudia kazi yote.

Hatua ya 7: Tafuta beta

Kwanza acha modeli ikupe wastani wake wa muda. Kwenye G3 andika:

=SUMPRODUCT(B18:D20,B3:D5)/SUM(E3:E5)

Beta ikiwa 0.05, utapata dakika 39.1. Tuseme wanunuzi uliowahoji wametoa wastani wa dakika 37. Modeli yako inawasafirisha watu kuliko wanavyosafiri, kwa hiyo beta ipande. Jaribu 0.07: unapata 36.1, sasa umepitiliza. Jibu liko katikati. Gawanya nusu, jaribu, gawanya tena. Baada ya mara nne au tano utafika kwenye 0.063 au 0.064, ambapo wastani ni 37 kasoro au zaidi kwa punje tu. Excel na Calc zote zina amri ya Goal Seek inayofanya kazi hii yenyewe, ila fanya kwa mkono mara ya kwanza ili uone wastani unavyoshuka beta inapopanda.

Hakikisha pande zote mbili zinapima kitu kimoja. Kama wahojiwa walihesabu na muda wa kusubiri kituoni, jedwali lako la dakika nalo liuhesabu. Mafungu hayatajali, lakini wastani utajali, na beta inatoka kwenye wastani.

Halafu toa beta pamoja na upana wake. Tuseme ulihoji watu 200 na muda wao unatofautiana kwa mkengeuko sanifu wa dakika 20. Gawanya 20 kwa kipeuo cha pili cha 200, yaani karibu 14.1: unapata dakika 1.4. Wastani wako basi ni 37, toa au jumlisha 1.4. Rudi kwenye jedwali na utafute beta ya 38.4 na ya 35.6. Utapata takriban 0.054 na 0.075. Ukiandika 0.064 peke yake bila upana huo unamdanganya msomaji kwamba unajua zaidi ya unavyojua.

Hatua ya 8: Uliza swali la "ikiwa"

Beta ikiwa 0.064, asilimia 20 ya watu wa Tegeta wananunua Kariakoo. Tuseme usafiri mpya unapunguza safari hiyo kutoka dakika 70 hadi 50. Badilisha namba moja tu, D na C usiziguse: fungu la Kariakoo linapanda hadi asilimia 47, na la Mwenge linashuka kutoka 77 hadi 51. Rudia kwa beta 0.054 na 0.075, uandike matokeo yote matatu.

Usisahau kwamba modeli imeshikilia kila kitu kingine palepale. Haijui kwamba wafanyabiashara wa Mwenge wakikosa wateja wanaweza kushusha bei au kuhama.

Hatua ya 9: Jedwali lile lile, atomu badala ya masoko

Hii ni ya wanafunzi wa fizikia, ila ningependa na wa uchumi waifanye.

Nakili karatasi nzima. Badala ya masoko andika ngazi tatu za kwanza za nishati za atomu ya haidrojeni. Kwenye dakika weka nishati ya kupanda kutoka ngazi ya chini, kwa elektronivolti: 0, 10.2, 12.09. Kwenye ukubwa weka idadi ya hali za kikwanta katika kila ngazi: 2, 8, 18. Beta sasa ni 1 ÷ (0.00008617 × jotoridi kwa kelvini). Kwa uso wa Jua, takriban kelvini 5,800, beta ni 2.0. Mstari mmoja unatosha.

Soma mafungu: ngazi ya pili inapata atomu 5 au 6 tu katika kila bilioni. Pandisha jotoridi hadi 10,000 na zinakuwa kama 29 katika kila milioni. Hali za kikwanta zimekaa mahali pa vizimba, nishati mahali pa nauli na foleni. Jotoridi kubwa ni beta ndogo, na atomu, kama wanunuzi wasiojali umbali, zinatawanyika.

Usiongeze ngazi za juu bila mwisho. Idadi ya hali inakua kwa 2 × n × n (n ni namba ya ngazi) huku nishati ikikaribia 13.6 bila kuipita, kwa hiyo jumla haifiki kikomo. Katika gesi halisi atomu jirani huzikata ngazi hizo za juu. Kwa zoezi hili tatu zinatosha.

Na usiandike kwenye ripoti kwamba wanunuzi wanafuata sheria za kwanta. Kilichofanana ni hesabu ya kugawanya vitu vingi katika nafasi nyingi. Kiini cha kwanta ni kwamba njia mbili za kufikia mahali pamoja unajumlisha amplitudo zake (namba ambazo uwezekano hupatikana kutokana nazo) kwanza, ndipo unatafuta kipeo cha pili, kwa hiyo njia mbili zinaweza kufutana. Barabara mbili za kwenda Kariakoo hazifutani.

Mambo yakikwama

*Inatokea #DIV/0!* Mivuto yote ya mtaa imekuwa sifuri kwa sababu beta × muda ni kubwa mno. Huenda umechanganya vipimo, mfano beta ya saa na muda wa sekunde. Kama vipimo viko sawa, tumia =B$2*EXP(-$G$1*(B3-MIN($B3:$D3))). Mafungu hayabadiliki, kwa sababu ile ile ya jaribio la nne.

*Fomula inakataliwa.* Kompyuta nyingine zinataka nukta mkato badala ya mkato kati ya vipengele, na nyingine zinasoma 0,05 badala ya 0.05. Angalia mipangilio ya lugha.

*Beta yangu ni 3.84, ya mwenzangu 0.064.* Ninyi mko sawa. Wewe umetumia saa, yeye dakika, 0.064 × 60 ni 3.84. Taja kipimo kila unapotaja beta.

*Beta imetoka hasi.* Wastani wa wahojiwa ni mkubwa kuliko ule wa modeli wakati beta ni sifuri. Kagua sampuli kabla ya kitu kingine, na uulize kama ulisimama lango moja.

*Soko liko ndani ya mtaa wenyewe, niweke dakika 0?* Hapana. Weka muda wa kutembea wa mkazi wa kawaida. Sifuri inalipa soko hilo upendeleo ambao hakuna mtu anaoupata.

*Wastani unalingana lakini soko moja liko mbali na hali halisi.* Beta moja haiwezi kurekebisha soko moja. Rudi kwenye kipimo cha ukubwa. Vizimba mia vya jumla na vizimba mia vya rejareja havivutii watu wale wale, na huenda unahitaji modeli mbili, moja ya wachuuzi na moja ya wanaonunulia nyumbani.